Skripti ya mistari ishirini mbele ya udongo wa mbuga

Kama umewahi kutafuta namna ya kuifanya VNA ipime yenyewe kila baada ya dakika kumi, basi ile skripti unaijua. Imeandikwa kwa Python, haizidi sana mistari ishirini: fungua mlango wa USB, iambie mashine irushe mawimbi kuanzia masafa haya hadi yale, soma majibu, andika kwenye faili, lala sekunde 600, rudia. Inapita mkono kwa mkono, kila mtu anabadilisha jina la faili tu. Leo naihakiki kama mtu anavyohakiki kitabu, maana inaaminiwa kuliko vitabu vingi tunavyosomeshwa.

Kwa wewe unayeanza: VNA ni vekta netiweki analaiza. Netiweki hapa si intaneti, usichanganye. Ni saketi yoyote unayoweza kuirushia wimbi la redio. Mashine inarusha wimbi, kisha inapima kiasi gani kimerudi na kimechelewa kiasi gani. Ukifunga vyuma viwili mwishoni mwa waya na kuvichomeka ardhini, wimbi linalorudi linakupa habari za maji yaliyomo. Hewa ina thamani ya 1 katika kipimo kinachoitwa pemitiviti, udongo mkavu kati ya 3 na 5, maji karibu 80. Tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba hata maji kidogo yanaonekana. Mwaka 1980 Topp na wenzake wa Kanada walitoa mlinganyo wa kugeuza namba hiyo kuwa asilimia ya maji, na mpaka leo watu wanauchomeka kwenye skripti zao kama ulivyo.

Tuwe wakweli, skripti hii imetufungulia njia. Zamani VNA ilikuwa mashine ya mezani, ya bei ya gari, huwezi kuiacha shambani usiku. Kisha ikaja NanoVNA, muundo wa Mjapani anayejulikana kwa jina la edy555, na kuanzia 2019 nakala zake za bei ya simu ya kawaida zikaenea duniani. Inapima pointi 101 kwa mpigo na inapokea amri kwa waya wa USB. Mwanafunzi wa hapa anaweza kuwa nayo. Vipimo 144 kwa siku, 4,320 kwa mwezi, bila kuamka usiku hata mara moja.

Tatizo ni kwamba skripti inahesabu vipimo, haiulizi kama ni vya udongo.

Njoo Nassa tuijaribu. Huku Busega ardhi inashuka kutoka vilima vya mawe kwenda ziwani, na udongo unabadilika njiani: juu mchanga ambao Wasukuma wanauita luseni, bondeni ule mweusi wa mbuga. Mpangilio wa namna hii, udongo kufuata mteremko, ndio Geoffrey Milne wa kituo cha Amani alioupa jina la katena miaka ya 1930. Mbuga ikilowa sana inanasa plau na ng'ombe, ikikauka sana inakuwa kama sementi. Siku za kulima katikati ya hali hizo mbili ni chache. Kwa hiyo mtu akija na grafu na kusema "bado kavu, subirini", neno lake lina gharama.

Sasa fikiria waya. Kwa masafa ya MHz 900, wimbi ndani ya waya wa kawaida wa koaksia lina urefu wa sentimita 22 hivi. Njia ikirefuka milimita 1 tu, wimbi linakwenda na kurudi, unapata badiliko la nyuzi 3.3 za fezi. Waya uliolala juani mchana na kupoa usiku hufanya mchezo huo kila siku, na mashine yenyewe ndani ya boksi lake inapata joto vilevile. Hata maji hayatulii: pemitiviti yake ni 80 kwenye nyuzijoto 20, ikifika 40 inashuka hadi 73. Utapata grafu nzuri sana, mchana inashuka, usiku inapanda, na utaandika kwenye tasnifu kwamba mimea inakunywa. Kumbe umepima jua.

Skripti inakalibreti mara moja, asubuhi ya kwanza, kwenye kivuli. Basi. Hapo ndipo mkulima wa pamba anatuzidi sote. Kwenye ununuzi hakubali mzigo wake upimwe kwa sababu tu mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Anataka aone imerudi sifuri kwanza, na mzigo wa pili anaangalia tena. Wala hakusoma Python.

Lingine linanikera zaidi kwa sababu ni la hapa hapa. Mbuga ikikauka inapasuka. Ufa ukipita kando ya vyuma, vinabaki vinagusa hewa, na hewa ni 1. Namba inaanguka ghafla, ilhali sentimita chache pembeni udongo bado una unyevu. Mtu angekuwepo angeinama akauona ufa. Skripti haiinami. Halafu ule mlinganyo wa Topp wenyewe huyumba kwenye mfinyanzi mzito, na mbuga ni mfinyanzi mzito haswa.

Sola nayo. Mawingu yakitanda siku mbili betri inakata, skripti inanyamaza, na jua likitoka inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukichora grafu, programu inaunganisha nukta kwa mstari ulionyooka. Siku zilizopotea ndizo za mvua! (Na tafadhali andika saa za faili kwa mtindo wa kimataifa. Nimeona daftari la shambani lina "saa 2" na faili lina 08:00, na watu wawili wakabishana nusu siku.)

Toleo ambalo ningelipokea lina mistari kama arobaini. Rilei ndogo ya masafa ya redio inakaa kule mwisho wa waya, karibu na udongo. Ukiiweka karibu na mashine itakagua mashine na kuuacha waya. Kila dakika kumi inageukia kwanza kwenye kopo lililozibwa la mchanga mkavu lenye vyuma vyake, inapima, ndipo inageukia shambani. Kipimajoto kimoja kwenye waya, kingine ardhini. Faili linahifadhi pointi zote 101 za kila kipimo, si asilimia ya maji peke yake, na kipimo kikikosekana linaandika neno "hakuna" pamoja na saa. Kopo likibadilika, data ya saa hiyo inawekewa alama nyekundu. Na kila Jumamosi mtu anakwenda na jembe na rula kuangalia nyufa.