Ustadi wa Kulisubiri Neno

Malenga husifiwa, na mtunzi wa riwaya hupewa tuzo. Msomaji hana tuzo yake. Hasa yule anayekutana na neno asilolijua katikati ya ukurasa, akalitazama kidogo, akaendelea, na baada ya muda akajikuta analitumia mwenyewe bila kukumbuka kalipata wapi. Watu wanaona huko ni kusoma tu. Mimi naona ni ufundi, na mafundi wake si wengi.

Hapa Konde, kaskazini mwa Pemba, mahali gari za Chake Chake zinapogeuzia kabla barabara haijaingia msitu wa Ngezi, ufundi huu una ugumu wa namna yake. Kiswahili hatukujifunza, tumekinyonya. Mtu akikwama kwenye Kiingereza haoni aibu, hata kwenye Kiarabu cha vitabu. Sasa mpe Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, au Nyota ya Rehema yake ya 1976, au Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya 1980. Waandishi hawa ni Wazanzibari, lugha yao ni hii hii ya barazani, na bado mtu aliyezaliwa ndani yake hukwama. Hapo ndipo haya humshika. Wengi huipita sentensi mbio wakajifanya wameelewa, na wakiulizwa hadithi imefika wapi, husimulia ile iliyomo vichwani mwao, si ile iliyomo kitabuni.

Anayeijua kazi hii hapiti mbio, wala hakimbilii kamusi. Hulisubiri neno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa msamiati sijaona kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Mara ya kwanza neno lipokelewe tu: lionwe limekaa na nani, limekuja saa ngapi, limemtoka nani mdomoni. Mara ya pili lidadisiwe. Mara ya tatu lipewe kazi, mtu alitie katika sentensi yake mwenyewe, hata kama ni sentensi ya kumgombeza mtoto aliyeacha mlango wazi. Riwaya inafaa kwa utaratibu huu kuliko utanzu mwingine wowote, kwa sababu riwaya ni ndefu na mwandishi ana mazoea yake. Neno alilolipenda ukurasa wa kumi atalirudia ukurasa wa arubaini, tena mahali pengine, mbele ya watu wengine. Shairi halina huruma hiyo. Pemba ina washairi wake wakubwa, Kamange na Sarahani, ambao tungo na habari zao zilikusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba mwaka 2011. Ukilikosa neno katika ubeti, huenda lisirudi tena, na huenda hapo lilipo limekatwa silabi ili mizani itimie.

Chukua utusitusi. Likiandikwa peke yake ubaoni, sikio litakimbilia matusi, na mtu atadhani pana watu wanatukanana. Lakini katika riwaya halikai peke yake. Tuseme jua limeshazama, taa haijawashwa, na mtu anamwona mwenziwe uani ila sura yake haitambui. Kabla hujafika kwenye nukta umeshajua kwamba mwanga umepungua na kiza hakijawa kiza. Hata umbo la neno linashuhudia. Kiswahili hupenda kurudufu pale kitu kinapokuwa nusunusu, kama vile mchuzi usioshikana tunavyousema kuwa ni majimaji. Msomaji hakufundishwa kanuni hiyo na mtu, ila anayo.

Anazo nyingine nyingi asizojua kuwa anazo. Neno geni likija na ji mbele yake, litamshtua kwa ukubwa. Na mwandishi akilitanguliza ki kabla ya ji, akasema kijitu au kijumba, dharau husikika kabla ya maana. Kitenzi nacho hubeba jamaa zake. Mtoto wa Konde aliyewahi kusimama kisimani na ndoo, akasema "nitwike", hatapotea siku atakaposoma kwamba mabaharia wametweka tanga. Atahisi kuna kitu kinachopandishwa. Na akisoma baadaye kwamba wamelitua, atakumbuka kuwa mzigo nao hutuliwa. Hajafungua kamusi wala hajamuuliza mtu, na keshaokota maneno mawili ya chombo akiwa amekaa jamvini.

Kuuliza nako kuna adabu yake, na si kila mtu ni wa kuulizwa. Maneno ya baharini tunayapeleka Tumbe, kwa wavuvi. Maneno ya jikoni, ya uzazi na ya harusi wanayo mabibi, nao hawayatoi kwa mtu mwenye haraka. Nilichojifunza kwa wazee hawa ni kwamba ukiwapelekea neno tupu hawalipokei. Uliza, "Ami, demani ni nini?" na ami wa Tumbe atakujibu kwa swali: "Nani kasema, na kasema yuko wapi?" Anataka usome fungu zima, wakati mwingine na linalofuata. Ana haki. Demani ni majira ya mwaka, na demani ni kamba ya tanga; bila kujua msemaji yuko shambani au yuko chomboni, jibu lolote ni kubahatisha. Mzee ambaye huenda hajapata kushika riwaya mkononi anaijua kanuni ya kwanza ya kuisoma.

Si kwamba wazee hawakosei. Hukosea, na hubishana, na mtu wa Wete humkatalia mtu wa Micheweni neno ambalo kila mmoja kalisikia kwa mamaake. Mabishano hayo ni mazuri kuyasikiliza, ila usiandike chochote mpaka yaishe.

Kamusi huja mwisho, na kuitumia ni kazi pia, jambo ambalo skuli hulipuuza. Mwanafunzi hutafuta ndimi kwenye herufi N, akafunga kitabu akisema halimo. Limo, kwenye U, chini ya ulimi. Hutafuta wameambatana, na kamusi inamsubiri kwenye ambata, baada ya yeye kuvua viambishi vyote kimoja kimoja. Yaani kamusi ya Kiswahili humtaka mtu aijue nusu ya njia kabla haijamfungulia. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981 mambo yamekuwa mepesi, na mwaka 2010 Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) likatuletea Kamusi la Kiswahili Fasaha (bara wanasema kamusi ya, sisi kamusi la, na mimi simo katika kuwasuluhisha). Kuna nyingine ninayoipenda zaidi, Kamusi ya Visawe ya 1998, kwa sababu mmoja wa watunzi wake wawili ni Said Ahmed Mohamed mwenyewe, yule wa Utengano. Mtu aliyetukwamisha katika riwaya akakaa akapanga maneno kwa ujirani wake. Ukiisoma baada ya riwaya zake unaona jinsi anavyofikiri: kwake neno halina maana peke yake mpaka lisimame karibu na ndugu zake.

Lakini kwa msomaji wa Pemba kamusi zilikuwa na pengo la zamani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na maneno mengi ya huku yakabaki midomoni, nje ya vitabu vya skuli. BAKIZA limeshatoa kamusi ya Kipemba, na ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo, kabla ya kamusi hiyo mlango uliokuwa wazi kidogo ni riwaya. Mtunzi wa visiwani akimpa mvuvi au mkulima mazungumzo, hulazimika kumwachia ulimi wake, na msomaji wa Konde hushtuka kuona neno la bibi yake limepigwa chapa. Kwa msomaji wa Dodoma neno hilo ni jipya. Kwake yeye si jipya. Lililo jipya ni kuliona.

Wapo waliojaribu kupima kama kweli mtu hujifunza maneno kwa kusoma hadithi bila kusaidiwa. Mwingereza Anthony Burgess alitoa riwaya yake A Clockwork Orange mwaka 1962, akawapa vijana wa hadithi hiyo lugha aliyoibuni, maneno yake mengi akiyatoa kwenye Kirusi. Mwaka 1978 watafiti Saragi, Nation na Meister walichapisha matokeo ya kuwapa kitabu hicho wasomaji wa Kiingereza, bila ya kuwaambia kwamba watatahiniwa maneno. Maneno ya kubuni yalikuwa 241; walitahiniwa 90, na kwa wastani walipata asilimia 76. Yale yaliyorudi mara nyingi ndiyo yaliyoshika zaidi. Wasomaji hao hawakuwa na orodha ya maana mbele yao. Walikuwa na kisa cha kutisha walichotaka kujua kitaishaje.

Ndiyo maana siipendi sana ile sherehe ya maneno inayobandikwa nyuma ya riwaya za skuli. Ina msaada wake, sikatai, hasa kwa anayesoma peke yake pasipo mzee wa karibu. Lakini humzoesha mtoto kukimbia mwisho wa kitabu kila anapojikwaa, na anaporudi, hadithi imeshapoa. Baya zaidi ni mtihani unaonyofoa maneno kumi kutoka riwaya nzima ukayapanga kama samaki sokoni, kila moja na nambari yake. Utengano ilitahiniwa Kenya kwa miaka kadhaa katika muongo wa 2000, na wako waliofaulu kwa kusoma mwongozo bila ya kuigusa riwaya yenyewe. Maana za maneno walizijua. Nani aliyatamka, kwa hasira au kwa mapenzi, hilo mwongozo haukuwaambia.

Tena lugha hii haina mwenyewe, na riwaya ndiyo inayolithibitisha hilo vizuri. Ken Walibora alizaliwa magharibi mwa Kenya, mbali na bahari, akaandika Siku Njema mwaka 1996 na baadaye Kidagaa Kimemwozea. Huyu ni mtu aliyekitafuta Kiswahili badala ya kuzaliwa nacho, na mimi mtoto wa kisiwa nimepekua kamusi kwa ajili yake mara nyingi kuliko ninavyopenda kutangaza. Ukienda kwa Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, utakuta jambo jengine. Katika riwaya zake za mwanzo, Rosa Mistika ya 1971 na zilizofuata, maneno ni mepesi, unayajua karibu yote. Kinachokupiga chenga ni watu wake kuyatumia kwa mambo ambayo huku hayasemwi mbele ya wakubwa. Hapo nako kuna kujifunza msamiati, ingawa kamusi haina la kukusaidia.

Mzanzibari Abdulrazak Gurnah naye aligeuza kazi hii akawapa wageni. Paradise, aliyoitoa mwaka 1994, imeandikwa kwa Kiingereza na kupachikwa maneno ya kwetu humu na humu. Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, anamwita tajiri Aziz kwa jina la ami mpaka Khalil wa dukani amkanye kwamba mtu huyo si jamaa yake, na kwamba anapaswa kumwita seyyid. Msomaji wa London hajui seyyid ni nani. Anajifunza pale pale anapojifunza Yusuf, pamoja na uchungu wa kuambiwa kwamba hapo dukani hana ami. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliirudisha riwaya hiyo nyumbani kwa jina la Peponi, na sasa msomaji wa Konde analipita seyyid bila kusita. Yeye atakwama pengine: kwenye safari ya bara, kwenye mizigo na mapagazi na nchi za masultani wa huko ndani, maneno ya dunia ya misafara ambayo pwani iliacha kuyatamka tangu reli ilipojengwa.