Jani Nene la Kisauni

Jirani yangu wa Kisauni hana shamba, ana ndoo. Nilipozihesabu mara ya mwisho zilikuwa kumi na moja: za rangi, za mafuta ya kupikia, na moja iliyopasuka mdomo ikafungwa waya. Zote zimepangwa uani, pale kivuli cha mwembe kinapoishia. Ukimwamkia ukamuuliza jina la mmea, hakujibu mpaka uchume jani, ulifikiche kwa vidole na kulinusa. "Nusa kwanza, mwanangu. Jina litakuja."

Ndoo za mbele ni za mrehani, ule unaotiwa kwenye vikuba pamoja na asumini na mkadi. Zinafuata za kivumbasi, chenye harufu kali isiyopendwa na mbu. Nyuma ya zote kuna jani nene. Limejaa maji, lina malaika laini kama shavu la mtoto, na kingo zake ni kama msumeno uliosagika meno. Ukilivunja linalia tap, kisha inapanda harufu ileile ya oregano ya chupa za supamaketi, ila hii ni nzito zaidi.

Oregano yenyewe, Origanum vulgare, kwao ni pande za Mediterania. Ile ya Mexico si hata ya ukoo mmoja nayo. Kinachozikutanisha ni mafuta yaliyomo majanini, hasa karvakroli, na jani letu nene linayo pia. Mwaka 1790 kasisi Mreno, João de Loureiro, aliliandika kitabuni kwa jina linalotokana na kisiwa cha Ambon, Indonesia. Leo wataalamu huliita Coleus amboinicus. Wengine wameliita oregano ya Kuba, wengine mnanaa wa Mexico. Na kumbe ni mwenyeji wetu: huota lenyewe mwituni kuanzia Kenya kushuka hadi KwaZulu-Natal, na pia Arabuni na India. Mtoto wa hapa, anatembea na pasipoti za watu! Mimi naona amedhulumiwa.

Tawi la kwanza nililopewa nililiua kwa mapenzi. Nililimwagilia asubuhi na jioni, na siku ya tisa shina likawa jeusi, limeoza. Jirani alilitazama, akacheka. "Huu si mpunga."

Huku kwetu visima vingi vina chumvi, na maji matamu hununuliwa kwa jerikeni kutoka mkokotenini, kwa hiyo mkono wake umezoea kupima. Ndoo huitoboa matundu chini kwa msumari wa moto. Udongo huuchanganya na mchanga, samadi ya mbuzi iliyokauka na vumbi la makumbi. Tawi hulikata la shubiri moja, akayapukutisha majani ya chini, akaliacha kivulini mchana kutwa hadi kidonda kikauke, ndipo hulichomeka. Halafu hungoja, na kungoja huko ndiko kulikonishinda mimi. Mrehani una tabia nyingine: unataka maji, tena ukianza kutoa maua lazima ukatwe kilele, la sivyo nguvu zote zitaishia kwenye mbegu. Kila asubuhi hupita ndooni akikata kwa kucha, huku anazungumza na mtu mwingine, wala haangalii.

Jikoni jani nene halikaushwi. Lina maji mengi mno, na likikauka huwa si kitu. Yeye hukatakata mabichi mawili akayatia kwenye mchuzi wa samaki tui likishaiva. La tatu, asema, hugeuza chakula kuwa dawa ya kifua. Wahindi hulichovya zima kwenye unga wa dengu wakakaanga bajia, na hapo ndipo mimi husahau adabu.

Ukipita Kisauni ukaiona ndoo iliyofungwa waya, piga hodi uombe tawi. Pesa usitoe, hatazipokea. Ila nenda na ndoo yako, iwe imeshatobolewa.