Chifu ahamia Thika: jinsi paka mzee alivyopatiwa kwao kupya

Mwambie mtu yeyote wa Ruiru au Thika kwamba una paka wa kupeana, naye atakuuliza swali moja: anashika panya? Ukijibu kwamba hashiki tena, kwamba ana miaka 14, meno kadhaa yameng'oka na siku hizi anakunywa maji kuliko zamani, mazungumzo huishia hapo. Ndiyo maana paka wengi wa umri huo hawapeanwi kabisa. Lori la kuhama likishapakiwa, paka anaachwa kwenye ploti ajitafutie, au anatiwa guniani na kwenda kumwagwa karibu na soko, ati huko hatakosa chakula. Familia ninayoieleza hapa ilikuwa na paka wa namna hiyo, jina lake Chifu, na ilimpatia makao mema. Nimeifuatilia kazi yao hatua kwa hatua, na naona siri iko kwenye mpangilio. Walianza na ukweli wa afya yake, akafuata mpokeaji, kisha harufu. Paka mwenyewe alikuja mwisho. Wengi wetu huanza na paka, siku ya lori.

Sababu ya kuhama ni ya kawaida sana Ruiru. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, mji huu umevimba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 490,000 mjini Ruiru, karibu mara mbili ya Thika yenyewe. Nyumba za mawe zilizokuwa na ua, mparachichi na tangi la maji zinabomolewa moja baada ya nyingine zipishe fleti. Ploti ambayo familia ilipanga Kihunguro, mtaa wa Ruiru, iliuzwa, wakapewa notisi. Nyumba waliyoimudu iko ghorofa ya nne upande wa Kamakis, na mkataba wake unakataza wanyama. Baba alijaribu kumbembeleza keateka. "Hata kuku, mzee," akajibiwa. "Hata samaki wa chupa."

Kumwacha Chifu nyuma kungekuwa kosa la jinai pia, maana Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inagusa hata mwenye mnyama anayemtelekeza bila sababu ya haki pahali atakapoteseka. Sijamsikia mtu wa Kihunguro akishtakiwa kwa hilo, na sidhani sheria ndiyo iliyowasukuma. Binti yao, kifungua mimba, alikuwa anaingia darasa la kwanza Chifu alipoletwa akiwa mdogo wa kutoshea kwenye kofia. Leo yuko chuo kikuu. Huyo ndiye aliyesema haendi Kamakis mpaka jambo hili litatuliwe.

Daktari wa mifugo aliitwa nyumbani kabla hata ya jina la mpokeaji kutajwa. Hatua hii ndiyo watu huiruka wakidhani ni kuharibu pesa kwa mnyama wa kugawa. Daktari alimpima uzito, akafungua mdomo, akabonyeza figo kwa vidole, akachukua damu na mkojo. Mkojo ulikuwa muhimu kuliko damu. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, haipandi sana mpaka figo ziwe zimepoteza takriban robo tatu ya nguvu zake, ilhali mkojo huanza kuwa mwepesi kama maji mapema zaidi. Wa Chifu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi. Figo zilikuwa zinachoka, ugonjwa wa kawaida kwa paka wazee, lakini bado ana maisha mbele yake akitunzwa.

Viungo navyo vilikuwa vimekaza. Familia ilidhani ameacha kuruka ukutani kwa uvivu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliangalia picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na dalili za kuchakaa kwa viungo. Paka hachechemei kama mbwa. Anaacha tu kupanda, na wewe unasema ametulia. (Tahadhari kwa anayefikiria kumsaidia mzee wake kwa Panadol: tembe moja tu yaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo.)

Karatasi ya daktari ikageuka kuwa ramani ya nyumba inayotafutwa. Iwe ya chini, isiyo na ngazi. Pawe na kona yenye joto, kwa sababu Julai ya Kiambu si mchezo. Maji yawekwe sehemu kadhaa. Kusiwe na paka kijana wa kumnyang'anya sahani. Mwenyeji awe mtu wa kushinda nyumbani, atakayegundua upesi kama hajala. Sasa walijua wanatafuta nini, na hilo likawapa ujasiri wa kukataa.

Walikataa wawili. Wa kwanza alikuwa mwenye ghala la mahindi upande wa Juja, mtu mwema aliyekuwa tayari kuja kumchukua siku hiyo hiyo. Lakini alitaka mfanyakazi, na mfanyakazi asiyefanya kazi hulishwa kwa masharti. Wa pili alikuwa binamu yao wa Githurai mwenye paka wawili wadogo na kibwa kisichotulia. Walifikiria pia shirika la KSPCA kule Karen, Nairobi, ambalo hupokea wanyama na kuwatafutia makao. Maoni yangu ni kwamba shirika la namna hiyo liwe kimbilio la mwisho kwa paka wa umri huu. Anayeingia pale kutafuta paka hutazama watoto wa paka kwanza, na mzee mwenye figo mbovu anaweza kukaa muda mrefu kwenye kizimba kilichozungukwa na harufu za wageni.

Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu wa Ngoingwa, Thika, mwanachama mwenzake mama katika chama cha akina mama. Kila zamu ya mkutano ilipoangukia Kihunguro, Chifu aliukalia mkoba wa mwalimu. Wala hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la maana mpaka binti alipolitaja.

"Mwalimu, nisikufiche," mama alimwambia kwa simu. "Huyu si wa panya. Ni mzee, na figo zimeanza kuchoka."

"Hata mimi si wa panya," mwalimu akajibu. "Nitumie hiyo karatasi ya daktari niisome."

Sasa tufike kwenye harufu, ambako kazi yenyewe ilikuwa. Paka huijua nyumba kwa pua kabla ya macho. Mashavuni, kidevuni na kando ya midomo ana tezi zinazotoa kemikali, na kila anapojikuna shavu kwenye mguu wa kiti anaacha alama inayomwambia yeye mwenyewe kwamba hapa ni salama. Daktari wa mifugo Mfaransa, Patrick Pageat, alizichambua kemikali hizo katika miaka ya 1990, na kutokana na kazi yake zikatengenezwa dawa za kupuliza nyumbani. Familia haikununua dawa. Binti alichukua vipande vya fulana kuukuu ya pamba, kila jioni akamsugua Chifu mashavuni taratibu kwa kipande kimoja, kisha akakifunga kwenye mfuko. Mwalimu alipopita Ruiru aliondoka na mifuko hiyo. Kwake, alivipitisha vitambaa kwenye miimo ya milango, miguu ya makochi na pembe za kabati, kwenye kimo cha paka, yaani chini ya goti. Mtu akipaka juu kama anayepangusa vumbi, amejisumbua bure.

Harufu ilisafiri upande wa pili pia. Mwalimu alileta leso aliyokuwa ameilalia, nayo ikatandikwa chini ya sahani ya Chifu. Akala juu ya harufu ya mwenyeji wake mpya kwa muda mrefu kiasi kwamba, alipofika Ngoingwa, harufu hiyo ilikuwa tayari imefungamana na chakula. Walibeba vilevile unga wa mbao kidogo uliotumika, kutoka kwenye karai lake la choo, ukachanganywa na ule mpya. Karai lenyewe lilikuwa beseni la plastiki lililokatwa ukingo mmoja ili mzee asilazimike kuinua miguu.

Pale nyumbani palikuwa na gunia la kutosha, lakini hawakulitumia. Walichukua kreti mbili za mkate, wakazifunika moja juu ya nyingine zikitazamana, wakafunga upande mmoja kwa waya kama bawaba na mwingine kwa kamba. Hewa inapita pande zote, makucha hayatoboi, na chini mna nafasi ya blanketi. La muhimu zaidi, tundu hilo lilikaa sebuleni likiwa wazi kwa siku nyingi, na vipande vya kuku vikawa vinaangukia humo kana kwamba kwa bahati mbaya. Siku ya safari Chifu alikuwa ameshazoea kulala mle. Alihamishwa familia ikiwa bado haijafunga hata boksi moja, maana vurugu ya kufungasha humtia paka hofu kabla hajatoka mlangoni. Alisafirishwa kwa gari la kuazima, katikati ya asubuhi, tumbo likiwa tupu kiasi, leso ikiwa imefunika kreti. Matatu ya 237 ingemfikisha vizuri tu kwa umbali ule wa takriban kilomita 20, ila muziki wake ungemfikisha akiwa paka mwingine.

Ila kabla ya safari hiyo, baada ya umakini wote huo, mama akamwogesha. Alifanya hivyo kwa adabu, kwa kuwa huendi ugenini mchafu. Lakini sabuni ya manukato ilimtoa Chifu harufu yake mwenyewe asubuhi ile ile aliyoihitaji kuliko zote. Akafika Ngoingwa amenyong'onyea, akijilamba bila kukoma, na usiku huo hakugusa chakula. Kwa paka, kukataa chakula si kudeka. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili humiminikia ini na kulilemaza. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na agizo: siku nzima ikipita bila kula, piga simu. Haikufika huko. Asubuhi mchuzi wa omena uliopashwa moto ulimtoa mafichoni. Omena hizo zilikuwa zimeoshwa mchanga, zikachemshwa bila chumvi na bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya paka. Zenyewe alipewa chache tu. Mifupa yake ina fosforasi nyingi, mzigo mzito kwa figo. Daktari alitaka lishe ibadilishwe kabisa, lakini akashauri wangoje paka atulie kwanza, na naona alishauri vyema, maana ugeni mmoja kwa wakati unatosha.

Mafichoni palikuwa ndani ya boksi la katoni kwenye chumba kimoja kidogo. Nasisitiza chumba kimoja. Wenyeji wengi wakarimu hufungua nyumba nzima, na paka hutoweka nyuma ya friji kwa siku kadhaa. Katoni nayo ina ushahidi wake: mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia paka 19 walioingia makao ya wanyama, 10 wakapewa maboksi ya kujificha na 9 wakanyimwa, na wenye maboksi walitulia upesi zaidi. Mwalimu alikaa chumbani humo akisahihisha vitabu vya wajukuu, bila kumwita wala kumtazama. Mlango wa chumba ulifunguliwa Chifu alipoanza kujikuna shavu kwenye kiti.

Mlango wa nje ulikaa umefungwa wiki tatu zaidi. Paka ana tabia ya kurudi kwao, na kati ya Ngoingwa na Kihunguro kuna barabara ambayo hakuna mnyama anayepaswa kujaribu kuivuka. Wakati huo mwalimu alizungumza na majirani juu ya mambo mawili yanayoua paka Thika kuliko uzee. La kwanza ni sumu ya panya ya agroveti, kwa sababu paka akila panya aliyeila, naye amekula. Jirani mmoja alikubali kutumia mitego. La pili ni mbwa, ambao mitaani humo hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Chifu huitwa ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni, na chakula cha jioni hutolewa saa hiyo hiyo, wala si mapema.

Kilichobaki ni karatasi ya makubaliano, nayo ndiyo ningeisifu kuliko hata vitambaa. Ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, ukaambatanishwa na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Familia hutuma mchango wa chakula na daktari kila mwezi kwa M-Pesa. Mwalimu akishindwa, Chifu anarudishwa kwa familia, hapewi mtu wa tatu, hata ikibidi familia imtafutie upya. Kipengele kigumu kilihusu siku figo zitakapogoma kabisa: nani atamwambia daktari basi, amlaze bila maumivu? Mama alitaka aulizwe kwanza. Mwalimu alikataa kwa upole. Anayemwona paka kila asubuhi, alisema, ndiye anayejua kama bado anafurahia kuamka. Walikubaliana kwamba mwalimu ataamua baada ya kusikia ushauri wa daktari, na familia itapigiwa simu siku hiyo ili anayetaka kuja kumuaga aje.

Mkojo utapimwa tena baada ya miezi mitatu. Mwalimu angependa wangoje likizo ya Agosti, binti awe amefunga chuo, lakini daktari amekataa kusogeza tarehe.