"Nguvu Ndogo" Si "Nishati Kidogo"

Miongoni mwa istilahi zitumikazo katika tafsiri za maelezo ya simu na kompyuta za mkononi, iko moja inayostahili kuhakikiwa: "kichakataji cha nguvu ndogo". Hatuna ugomvi na neno "kichakataji". Kitenzi "kuchakata" kilikuwa na kazi yake katika mashamba ya mkonge kabla ya kupewa kazi ya kompyuta, na kiambishi -ji chadhihirisha kitendacho, kikitenganisha chombo na "mchakato", yaani mwendo wenyewe wa kazi. Kasoro imo katika "nguvu ndogo".

Nguvu, kwa maana ikusudiwayo hapa, ni kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Nishati ni jumla iliyotumika, nayo hupimwa kwa juli. Tuchukue mfano. Kichakataji cha kwanza chatumia wati 2, chamaliza kazi kwa sekunde 3, kisha chazimika: kimetumia juli 6. Cha pili chatumia wati 1, lakini kwa kazi ile ile chachukua sekunde 8: kimetumia juli 8. Chenye nguvu ndogo ndicho kilichokula betri zaidi.

Wasanifu huizingatia tofauti hii. Volti ikipunguzwa kwa nusu, nishati ya kila badiliko la swichi hushuka hadi robo. Lakini kasi ikipunguzwa peke yake, nguvu hushuka na kazi hurefuka. Mwaka 2011 kampuni ya ARM ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuweka pamoja viini vikubwa vyenye kasi na viini vidogo visivyotumia nishati nyingi, ili kila kazi ipelekwe panapoifaa.

Wala jambo hili si la maabara tu. Mjini Mpanda, ambako kwa miaka mingi umeme ulitokana na jenereta za dizeli, mnunuzi wa Nsemulwa haulizi simu yavuta wati ngapi. Huuliza kama "inakaa na chaji". Swali lake ni la nishati, na ni sahihi kuliko tafsiri tunayoihakiki.

Twapendekeza basi "kichakataji cha nishati kidogo", na "nguvu ndogo" ibakizwe pale tu panapotajwa wati. Aidha, Kenya husema "kawi" pale Tanzania isemapo "nishati". Mfasiri asiyachanganye maneno hayo katika andiko moja, msomaji akadhani ni vitu viwili. Walimu na walipime pendekezo hili darasani: istilahi isiyomwezesha mwanafunzi kutenganisha wati na juli haijatimiza wajibu wake.