Kalamu ya Jaji Traynor

Roger Traynor hakuwa chaguo la kwanza. Mwaka 1940 Gavana wa California, Culbert Olson, alimtaka profesa wa sheria Max Radin aingie Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Tume ya watu watatu iliyopaswa kumwidhinisha ikamkataa. Mmoja wao alikuwa Earl Warren, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, yule yule ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Marekani nzima. Olson akarudi kwenye chuo kile kile alikofundisha Radin, Berkeley, akamchukua mtaalamu wa kodi mwenye umri wa miaka 40, mzaliwa wa Park City, wakati ule mji wa migodi huko Utah, ambaye hakuwa amewahi kuwa jaji mahali popote. Traynor alidumu mahakamani hadi 1970, kuanzia 1964 akiwa Jaji Mkuu.

Huko Marekani kila jimbo lina sheria zake na mahakama yake ya juu, na mambo mengi yanayomgusa mtu wa kawaida, kama ndoa, mikataba na ajali, huishia hapo. California ina majaji saba. Gavana huwateua, kisha wananchi hupiga kura ya ndiyo au hapana kama waendelee. Si kura ya mzaha: mwaka 1986 Jaji Mkuu Rose Bird aliondolewa kwa kura hiyo pamoja na wenzake wawili.

Kodi ni somo kavu, tukubali. Lakini mtu aliyelelewa na kodi huwa na swali lake moja: mwisho wa yote, gharama hii anaibeba nani? Swali hilo ndilo lililomfikia mwaka 1944, katika kesi ya Escola dhidi ya kampuni ya kujaza chupa za Coca-Cola.

Mdai alikuwa mhudumu wa mgahawa. Alikuwa akihamisha soda kutoka kwenye kreti kwenda kwenye friji, chupa moja moja. Tatu zilifika salama. Ya nne ikampasukia mkononi, ikamkata kiganja, mishipa na misuli ya kidole gumba. Nani alizembea? Hakuna aliyejua. Majaji wengi walimpa ushindi kwa njia ya kawaida: chupa haipasuki hivi hivi, kwa hiyo tuchukulie kwamba kampuni ilizembea.

Traynor alikubaliana na matokeo, akakataa sababu. Aliandika hukumu yake pembeni, peke yake. Kwa nini tujifanye tunatafuta uzembe, ilhali tunajua mhudumu hana uwezo wa kukagua kioo wala kiwanda? Mwenye kiwanda anaweza kukata bima na kuigawa hasara hiyo kidogo kidogo katika bei ya bidhaa, aliyeumia hawezi. Basi mwenye kiwanda awajibike, awe amezembea au hakuzembea. Wanafunzi wa sheria wa Nairobi na Dar es Salaam, wanaoanza somo hili na kesi ya konokono aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji huko Scotland, katika hukumu ya Uingereza ya 1932, wataona mara moja hatua aliyoipiga: kule mdai alitakiwa bado kuonyesha uzembe.

Hukumu ya pembeni haimfungi mtu. Ilikaa vitabuni miaka 19. Ndipo ikaja kesi ya Greenman, mwaka 1963, ya mwanamume aliyepewa na mkewe zawadi ya Krismasi: mashine ya useremala yenye kazi nyingi. Siku moja alipokuwa akikereza gogo, likachomoka na kumpiga kipaji cha uso. Safari hii Traynor aliiandikia mahakama nzima, kwa kurasa chache mno, na miongoni mwa alizozinukuu ni hukumu yake mwenyewe ya 1944. Majimbo mengine yakafuata upesi.

Hapo ndipo ustadi wake unapoonekana: hakuridhika na sababu inayotosha kumaliza kesi, alidai ile iliyo ya kweli. Wapinzani wake walisema anatunga sheria badala ya kuitafsiri. Lawama hiyo ina uzito, lakini jaji anayeweka hoja zake zote mezani ni rahisi kumpinga kuliko anayejificha nyuma ya desturi.

Ustadi huo ulikuwa umeonekana mapema zaidi, katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1948: Andrea Perez na Sylvester Davis walinyimwa leseni ya ndoa na karani wa kaunti ya Los Angeles, kwa kuwa sheria ilimhesabu bibi kuwa mzungu na bwana alikuwa mweusi. Traynor aliandika hukumu kuu iliyoibatilisha sheria hiyo, kwa kura nne dhidi ya tatu. Haki ya kuoa, alisema, ni ya mtu, si ya kundi la rangi yake. Kisha akaibana sheria kwa maneno yake yenyewe: mtu mwenye damu mchanganyiko ahesabiwe wapi, na kwa kipimo gani? Sheria haikuwa na jibu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifikia hapo 1967.

Kazi ngumu kuliko zote pengine ilikuwa kujipinga mwenyewe. Mwaka 1942 aliandika kwamba ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria unaweza kupokelewa mahakamani. Mwaka 1955 ikaja kesi ya Cahan, ambapo polisi wa Los Angeles waliingia kwa siri katika nyumba za watu waliotuhumiwa kuendesha kamari, wakatega vinasa sauti. Traynor aliandika hukumu iliyoufuta msimamo wake wa zamani, na hakuficha kilichombadilisha: njia nyingine zote za kuwazuia polisi zilikuwa zimeshindwa, na mahakama kwa kuupokea ushahidi huo zilikuwa zinashiriki kosa. Miaka sita baadaye, katika kesi ya Mapp, Mahakama ya Juu ya Marekani iliyafunga majimbo yote kwa kanuni hiyo ya kuukataa ushahidi wa aina hiyo, na hukumu ya Cahan ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa.