Kataa Barua Mlangoni, Usiimeze

Fundi mmoja wa Ziwani, Nairobi, amerekodi video ya jinsi anavyoendesha seva yake ya barua pepe, nami sitaisimulia upya hatua kwa hatua. Sehemu kubwa ya kazi yake ni safi. Kila kampuni ameipa anwani yake pekee kwenye kikoa chake, SPF na DKIM zinazothibitisha mtumaji zimekaa sawa, DMARC inakataa waigaji, na hapitishi barua zake kwenda Gmail. Nampa heko kwa hayo. Lakini karibu na mwisho alichukua uamuzi mmoja uliovuruga yote aliyoyajenga, na nasikitika kuona vijana wengi wa Eastlands wameanza kuuiga.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mstari mmoja. Pokea-yote yake, yaani mpangilio unaokubali barua ya jina lolote kwenye kikoa, ilikuwa imefurika. Majina ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote, info@, sales@, hata majina ya watu wasiokuwepo, yote yalikuwa yakiingiza taka kwenye kisanduku chake. Akafungua faili ya virtual ya Postfix, programu inayoendesha seva yake ya barua. Mstari ulioanza kwa @ aliuacha ulivyo, ila upande wa kulia akafuta jina lake na kuweka lakabu inayoelekea /dev/null, shimo linalomeza kila kitu. Akaendesha postmap, akapakia mipangilio upya, akatangaza kwamba tatizo la barua taka limekwisha.

Halijakwisha. Amejifumba macho asilione, na amewafumba macho wateja wake pia.

Fuateni mazungumzo ya seva mbili baada ya mabadiliko hayo. Mtumaji anagonga, anajitambulisha, anataja anayemwandikia kwa RCPT TO. Seva ya fundi wetu inajibu 250, yaani jina nalijua, endelea. Mtumaji anamimina barua nzima, anapewa 250 nyingine, anaagana na kuondoka. Ndipo barua inatupwa. Kwa mtuma taka hakuna kilichobadilika, kwa sababu kila jina analobahatisha bado linaitikiwa. Programu zao hujaribu orodha ndefu za majina na kuhifadhi yale yaliyokubaliwa. Kikoa kinachokubali kila jina ni shamba lisilo na ua, na litavamiwa tena kesho.

Sasa mfikirieni mtumaji mwaminifu. Fundi huyu huwatengenezea tovuti na anwani wachuuzi wa soko la Kariokor, hatua chache tu kutoka Ziwani, watu wanaouza viatu vya ngozi na viondo kwa wateja wa mbali. Mnunuzi aliyepewa kadi zamani, au aliyekosea herufi moja kwa sababu anwani iliandikwa kwa kalamu kwenye risiti, anatuma oda yake. Seva inamwambia imepokelewa. Anasubiri. Hajibiwi. Anahitimisha kwamba watu wa Kariokor hawana adabu ya biashara, anaenda kununua kwingine, na mchuuzi hatajua kamwe kwamba aliandikiwa. Hasara hiyo haionekani kwenye kisanduku wala kwenye hesabu za mwezi, na ndiyo maana fundi anaweza kusimama mbele ya kamera akitabasamu.

Ukiijibu DATA, yaani barua yenyewe, kwa 250, umebeba dhamana. Hilo limeandikwa kwenye nyaraka za viwango vya mtandao tangu RFC 1123 ya Oktoba 1989, na RFC 5321 ya mwaka 2008 ikalirudia: seva iliyokubali barua imechukua jukumu la kuifikisha, na hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu za kipuuzi. Hata karani wa Posta akipata barua ya sanduku asilolijua huirudisha kwa aliyeituma. Kusaini kwamba imefika kisha kuichoma ni kosa katika posta yoyote ile.

Alipaswa kufanya nini? Logi alikuwa nazo. Angezisoma za miezi kadhaa, akatoa kila jina lililowahi kupokea barua halali, akayaandika moja moja kwenye faili ileile ya virtual pamoja na makosa ya herufi yanayojirudia. Kisha angefuta mstari wa @ kabisa. Hapo Postfix yenyewe ingejibu jina lisilojulikana kwa 550, yaani hapana, papo hapo kwenye RCPT TO, kabla ya herufi moja ya ujumbe kuingia. Mtuma taka anakosa shabaha, na mnunuzi wa viatu anapata taarifa kutoka seva yake mwenyewe kwamba anwani ina kasoro, naye anapiga simu.

Kama aliogopa kusahau jina, dawa ya woga huo ipo. Wietse Venema, aliyetupa Postfix mwaka 1998, aliweka soft_bounce kwa kazi hiyohiyo. Iwashe, na kila 550 inageuka 450: jaribu baadaye. Seva ya kweli hushikilia barua na kurudi tena na tena, na viwango vinapendekeza isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Muda huo unatosha kusoma logi, kugundua jina lililosahaulika, kuliongeza na kuipokea barua bila mtumaji kujua kulikuwa na shida. Programu nyingi za taka hazirudi. Ukiridhika unaizima, 550 inachukua nafasi yake. Venema aliandika ushauri wa namna hiyo ndani ya faili yenyewe ya main.cf, kuhusu majina yasiyojulikana: anza na 450 mpaka uwe na hakika, kisha uende 550. Fundi wa Ziwani alikuwa na faili hiyo kwenye kioo chake.

Kuna hasara nyingine ambayo hakuigusa kabisa. Faida kubwa ya kuipa kila kampuni anwani yake ni kwamba anwani ikivuja, unajua nani aliivujisha. Huo ni ushahidi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai ridhaa kabla data yako haijatumiwa kibiashara, na malalamiko yakifika kwa Kamishna wa Data yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Faini zilizotangazwa Septemba 2023 zilionyesha ofisi hiyo inaweza kuuma: kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000. Lakini malalamiko yenye nguvu huhitaji barua yenyewe, pamoja na vichwa vyake vyote. Anwani uliyoitoa mahali pamoja tu ikianza kuleta matangazo, iandike kwenye faili na uipeleke kwenye foda yake, uhifadhi kila kinachoingia. Ukishawasilisha malalamiko, ifunge kwa 550. Kwa fundi wetu, anwani yoyote ambayo haikuandikwa kwenye faili imekuwa ikichomwa moto, na ushahidi wake umeteketea nayo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua ninakolaumu zaidi. Nimepinga mara nyingi tabia ya wauza nafasi za seva kumkabidhi mteja mpya kikoa ambacho pokea-yote tayari imewashwa, kisha kumsukuma apitishe kila kitu Gmail. Seva yako ikipitisha taka, Google inakuhesabu wewe kuwa mtuma taka. Hata cPanel, ambayo siipendi, imeandika kando ya chaguo la kutupa barua kimyakimya kwamba halipendekezwi. Paneli ya kubonyeza imempa mtumiaji onyo sahihi, halafu fundi anayeandika mipangilio kwa mkono wake anafanya kinyume.

Watangulizi waliijua thamani ya barua. Novemba 1975, Jon Postel aliandika RFC 706 kuhusu ujumbe usiotakiwa, na shida aliyoitaja ilikuwa hii: kompyuta inayopokea haikuwa na njia ya kuchagua ni nini ikatae. Tangu siku hiyo kazi kubwa imefanywa ili tupewe neno la kukataa. Hapa Nairobi, mapema miaka ya 1990, ujumbe wa mashirika ulisafiri kwa FidoNet kupitia kituo cha mazingira cha ELCI, kwa modemu na simu ya kimataifa iliyolipiwa ghali. Baadaye Shem Ochuodho na wenzake wa kituo cha kompyuta cha ARCC walitufungulia mtandao wenyewe. Watu hao walihangaika ili barua moja ivuke mpaka. Sisi tunaopata seva kwa bei ya chakula cha mchana hatuna haki ya kuipokea barua kwa ndiyo ya uongo.

Basi hukumu yangu ni moja. Pokea-yote inafaa kwa muda wa kujifunza majina yako tu. Baada ya hapo iondoe, na jina usilolijua ulikatae waziwazi. Kama uliiga video ile, fungua faili ya virtual leo, futa mstari wa @ unaoelekea /dev/null, washa soft_bounce na usome logi zako wiki nzima. Na wewe fundi wa Ziwani, wachuuzi wa Kariokor wanakuamini. Rekodi video ya pili uwaonyeshe njia iliyo sahihi.