Nyaya Mbili za Gitaa

Mezani kwangu zipo nyaya mbili za gitaa. Mmoja ni wa mjukuu wangu, mpiga solo katika kwaya ya vijana, aliyeununua mjini kwa akiba ya miezi mitatu. Umevikwa kitambaa chekundu kilichofumwa, na ncha zake zinang'aa kama pete ya arusi. Wa pili ni mweusi, umechujuka, na umri wake ni karibu mara mbili ya umri wa kijana huyo. Uliungwa mwaka 1988 na mkufunzi wa fizikia katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake. Mwekundu umekufa baada ya miezi minne. Mweusi ungali unafanya kazi.

Maisha yangu yote nimehakiki maandalio ya masomo na insha za wanachuo, basi sioni ubaya kuuhakiki waya. Nao ni kazi ya mikono ya mtu. Una maneno ya kujisifu, na una ukweli wake uliofichwa ndani.

Nianze na sifa. Karatasi iliyokuja na waya mwekundu yasema kwamba shaba yake ni safi mno, na kwamba dhahabu ya nchani huipa sauti uwazi. Sasa tazama, msomaji. Ndani ya gitaa la umeme, chini ya nyuzi, mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, na ukinzani wake hufika maelfu ya omu. Shaba ya mita chache iliyo katika waya wa nje haifiki hata omu moja au mbili. Kuisafisha zaidi ni kuongeza kijiko cha maji ziwani. Dhahabu nayo haishiki kutu, jambo ambalo ni jema kwa watu wa pwani, lakini haiimbi.

Kinachobadilisha sauti hakikutajwa kabisa katika karatasi ile. Waya wa gitaa una uzi wa shaba katikati, kisha plastiki, kisha wavu wa shaba unaouzunguka ili kuzuia mngurumo wa umeme. Uzi na wavu vikikaribiana hivyo huhifadhi chaji kidogo, uwezo ambao mafundi huuita kapasitansi: kwa kawaida kama pikofaradi 100 kwa kila mita, na nyaya nyingi huzidi hapo. Hapo ndipo urefu unapohesabika. Kwa gitaa lenye koili nyepesi, waya wa mita 3 huweka kilele cha sauti kali karibu na mitikisiko 5,000 kwa sekunde. Waya wa aina ileile wenye mita 10 hukishusha hadi karibu 3,000. Solo iliyotakiwa kuruka juu ya tarumbeta na ngoma huwa kama mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi.

Sisemi kwamba kufifia huko ni kosa wakati wote. Jimi Hendrix alipiga kwa waya wa kujisokota, wa aina iliyojulikana kwa kumeza ukali wa sauti, na hakuna aliyemlaumu. Ila mtu achague, asibahatishe. (Wenye magitaa ya kutumia betri ndani wanaweza kuiruka aya hii, kwao urefu haudhuru sana.)

Nikachukua bisibisi nikafungua ncha ya waya mwekundu. Aibu tupu! Wavu wake haukufumwa, ulizungushwa tu upande mmoja, wa aina ambayo huachana kila waya unapokunjwa. Risasi ya kulehemu ilikuwa donge la kijivu lililokaa juu ya chuma bila kushikana nacho, dalili kwamba fundi aliyeyusha risasi kabla ya kukipasha chuma moto. Kibano cha kushika ganda la waya hakikushika kitu. Kwa hiyo kila kijana alipopiga hatua mbele, mvuto wote uliangukia kwenye nyuzi tatu nyembamba za shaba. Fedha zote zilikwenda kwenye kitambaa.

Nikafungua na mweusi. Kibano kimeuma ganda la nje sawasawa. Wavu umefumwa kwa kubana. Chini ya wavu kuna utando mweusi wa plastiki inayopitisha umeme, ambao huzuia kelele waya unapokanyagwa, na mkufunzi yule alikuwa ameubandua kwa uangalifu karibu na ncha ili usiguse uzi wa katikati. Wengi husahau kuubandua, kisha hulaumu gitaa.

Yanipasa nieleze kwa nini waya huu uliungwa. Katika mahafali ya mwaka 1988 mwanachuo mmoja alipiga gitaa mbele ya mgeni rasmi. Vyombo viliunguruma tangu asubuhi. Katikati ya wimbo sauti ikakatika, ikarudi na mikwaruzo, ikakatika tena. Mara ya tatu nilisimama, nikamwamuru ashuke jukwaani mbele ya wazazi wake. Jioni ile nikaandika katika taarifa yake ya siri kwamba hana maandalizi.

Baada ya wiki mkufunzi wa fizikia aliingia ofisini kwangu na waya ule, akaukata kwa kisu juu ya meza yangu. Ulikuwa waya wa spika, usio na wavu hata kidogo, na ndani ya ncha ulishikiliwa na unyuzi mmoja. Aliniuliza kwa adabu kama namkumbuka aliyeidhinisha ununuzi wake. Nilikuwa mimi, nilichagua bei ya chini kuliko zote. Taarifa ilikwisha kutumwa wizarani. Sikuandika barua ya pili.

Jumamosi iliyopita mimi na mjukuu wangu tulikata ncha zote mbili za ule mwekundu, tukabakiza mita 4. Tulinunua ncha mpya za chuma, za kufunguka, kwani ile iliyoyeyushiwa plastiki huwezi kuikagua wala kuitengeneza. Nililehemu ya kwanza vizuri kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba sijavisha kifuniko chake kwenye waya. Kijana alicheka sana. Ya pili nikamwachia yeye. Tukapima kwa mita: ncha na ncha umeme unapita, ganda na ganda unapita, ncha na ganda haupiti, hata waya ukipindwa. Wavu ule wa kuzungushwa siutegemei kwa miaka mingi. Nilimkataza tu kuukunja kwa kuuzungusha kwenye kiwiko, maana huko ndiko kuupotoa.

"Babu," akaniuliza, "yule mwanachuo yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia alipangiwa shule ya mbali, kusini, na kwamba nilipata kulisikia jina lake mara moja tu baada ya hapo. Kisha nikamwomba aniwashie tena pasi ya kulehemu, kwa kuwa waya wa besi nao ulikuwa ukingoja.